Ardhi ya Ngara na Biharamulo haijatulia. Nyumba zetu je?

Anayesafiri kwa basi kutoka Ngara kwenda Biharamulo, kwa njia ya Nyakahura na Lusahunga, huvuka mpaka usio na kizuizi wala bango. Nyuma yake huviacha vilima vya Ngara, virefu na vyembamba, vimelala kwa mistari kama ng'ombe wanaocheua, na migomba imejaza mabonde katikati yake. Mbele yake ardhi hulegea, vilima vikapungua kimo, na mapori ya miombo yakatanda pande zote. Abiria wengi huona mabadiliko ya mandhari tu, kisha husinzia. Kwa wasomi wa miamba, msafiri huyo ametoka katika nchi ya miamba yenye umri wa kiasi cha miaka bilioni 1.4, na kadiri anavyosogea mashariki ya Biharamulo anaingia katika nchi ya miamba iliyopita miaka bilioni 2.5. Wilaya mbili zinazouziana ndizi na mahindi zimepishana umri kwa zaidi ya miaka bilioni moja, na mshono wa ardhi hizo mbili umepita chini ya nyayo zetu.

Tumeona tuliandike jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu linaulizwa. Tangu Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, kila vyombo vinapogongana kabatini usiku, au bati linapotoa mlio bila ya upepo, waumini hutujia kwenye baraza ya msikiti na maswali yale yale: hili limetoka wapi, na je, litarudi? Wanaojibu kwa haraka ni wa aina mbili. Wapo wanaosema ile ilikuwa ghadhabu iliyoshushwa kwa watu wa Bukoba kwa dhambi zao, nao huzitaja dhambi hizo moja moja kana kwamba wamekabidhiwa daftari. Wapo pia waliosoma kwenye simu kwamba Ziwa Victoria limekaa juu ya volkano, na kwamba Afrika itapasuka vipande viwili kabla wajukuu wetu hawajaoa. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hayamwambii baba mwenye nyumba ya tofali afanye nini kesho asubuhi.

Tuanze na siku ile yenyewe. Ilikuwa saa tisa na dakika 27 alasiri, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, wakati watu wakiwa katika pilikapilika za mwisho wa wiki. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, na Idara ya Jiolojia ya Marekani ilikadiria kina chake kuwa kilomita 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliporomoka au kupata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Mtikisiko ulifika Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Sisi wa Ngara na Biharamulo tulikuwa kiasi cha kilomita 200 kutoka kitovuni. Kilichotuokoa siku ile ni umbali huo, wala si ubora wa kuta zetu, na hilo ndilo linalotusukuma kuandika.

Ili kufahamu kilichotokea huko chini, mama mwenye kusoma makala hii achukue parachichi lililoiva alipasue. Ganda lake la nje ni jembamba, nyama yake ni nene, na katikati ipo kokwa. Dunia imepangwa kwa mfano unaokaribiana na huo. Kutoka hapa tuliposimama hadi katikati yake ni kilomita 6,371. Gamba la juu, hili tunalolilima na kulichimba visima na makaburi, lina unene wa kiasi cha kilomita 35 hadi 40 chini ya mabara, na chini ya bahari kuu kwa kawaida halifiki hata kilomita 10. Chini yake ipo ile nyama, ambayo wataalamu huiita joho, nayo hushuka hadi kilomita 2,900. Kisha kinafuata kiini: sehemu yake ya nje ni chuma kilichoyeyuka, na ya ndani kabisa, kuanzia kilomita 5,150 hivi, ni chuma kigumu chenye joto linalozidi nyuzi 5,000.

Hakuna aliyefika huko. Shimo refu kuliko yote lililochimbwa kwa ajili ya utafiti wa miamba, lile la Kola nchini Urusi, lilikomea kwenye kilomita 12 na kidogo baada ya kazi ya karibu miaka 20, na hiyo ni sawa na kulikwaruza ganda la parachichi kwa ukucha. Yanayojulikana kuhusu vilindi hivyo yametoka kwa kiasi kikubwa katika matetemeko yenyewe. Tetemeko kubwa likipiga, mawimbi yake hupita ndani ya dunia nzima na kutokea upande wa pili. Yapo yanayopita katika yabisi na katika kimiminika, na yapo yasiyoweza kabisa kupita katika kimiminika. Kwa kupima yapi yamefika, wapi, na kwa muda gani, wataalamu huijua hali ya ndani, kama mnunuzi wa tikiti anavyoligonga kwa vidole sokoni akajua kama limeiva. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, aliyachunguza mawimbi ya tetemeko lililotokea New Zealand akatambua kwamba ndani ya kiini cha kimiminika mna kiini kingine kigumu. Tunamtaja makusudi kwa ajili ya mabinti zetu wanaoambiwa kwamba Fizikia si somo lao.

Hapa pana kosa moja linalorudiwa mno, hata na walimu. Watu hudhani kwamba chini ya gamba kuna bahari ya moto inayochemka, nasi tunaelea juu yake. Sivyo. Joho ni mwamba mgumu, ila kwa joto na kwa uzito wa miaka mingi husogea polepole mno. Mfano wake tunao barabarani. Lami ya njia ya Rusumo ni ngumu kwa mguu wa mtu na huumiza goti la anayeanguka, lakini chini ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, siku baada ya siku, hulegea, huhama na kujikunja matuta pembeni. Haikuyeyuka hata mara moja, na bado imehama. Joho huhama kwa namna hiyo, na mwamba huyeyuka mahali mahali tu, pale hali inaporuhusu.

Juu ya joho hilo linalohama limekaa tabaka gumu, yaani gamba pamoja na sehemu ya juu ya joho iliyoshikamana nalo. Tabaka hili halikuwa kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa na madogo, nayo husukumana, hukwaruzana au huachana. Mjerumani Alfred Wegener aliitoa hoja ya kuhama kwa mabara mwaka 1912 na wenzake wengi wakamcheka. Ilichukua hadi miaka ya 1960, vipimo vya chini ya bahari vilipopatikana, ndipo fikra hiyo ikakubalika. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Katika Afrika Mashariki mabamba yanaachana. Upande wa magharibi lipo bamba kubwa la Nubia, na upande wa mashariki bamba la Somalia. Mahali pa kuachana kwao ndipo Bonde la Ufa lilipo. Lakini yeyote anayeitazama ramani ataona jambo la ajabu: mpasuko huu, ukishuka kutoka kaskazini, unagawanyika mikono miwili. Mmoja unapita Kenya na kuingia Tanzania kwa upande wa Arusha na Manyara. Mwingine unazunguka mbali magharibi, na alama zake ni maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa. Kwa nini mpasuko haukupita katikati, moja kwa moja, penye Ziwa Victoria?

Mpasua kuni analijua jibu. Shoka likifika penye kifundo, ufa hukikwepa na kupita pembeni. Katikati ya Tanzania kipo kifundo cha namna hiyo, yaani kratoni ya Tanzania: bonge la mwamba mkongwe na mgumu, ambalo mizizi yake imeshuka ndani ya dunia zaidi ya kilomita 150. Almasi za Mwadui, kule Shinyanga, ni ushahidi wa unene huo, kwa maana almasi za aina ile huzaliwa katika vilindi hivyo na kupandishwa juu na milipuko ya kale. Mashariki ya Biharamulo ipo juu ya kifundo chenyewe, kwenye ukingo wake. Ngara ipo nje yake, katika ukanda wa miamba michanga zaidi unaoambatana na Karagwe na kuingia Burundi, Rwanda na Uganda.

Basi sisi tunakaa wapi? Sisi tumo ndani ya kipande kilichozungukwa na mikono yote miwili ya Bonde la Ufa. Wataalamu wamekiita bamba la Victoria, na vipimo vya setilaiti vimeonyesha kwamba kinazunguka taratibu, kinyume cha mwendo wa saa, huku majirani zake wakiachana. Mwendo wa kuachana huko katika mkono wa magharibi ni wa milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wa mtu hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja au miwili. Anayengoja kuiona Afrika ikigawanyika atangoja mamilioni ya miaka. Tatizo letu lipo kwingine. Mwamba haukubali kuteleza milimita hizo kila mwaka kwa amani. Hushikana, huvutika, hulimbikiza nguvu kwa vizazi vingi, halafu huachia kwa sekunde chache. Kuachia huko ndiko tetemeko.

Na maji ya nchi yetu yamebeba kumbukumbu ya mambo haya. Zamani mito ya ukanda huu, Kagera ukiwemo, ilielekea magharibi. Ukingo wa Bonde la Ufa ulipoinuka, njia ya maji ilizibwa, mito ikarudi nyuma kuelekea mashariki, na maji yakajikusanya katika beseni pana kati ya mikono miwili. Beseni hilo ndilo Ziwa Victoria. Ndiyo maana ziwa hilo, pamoja na upana wake wote, kina chake hakizidi kiasi cha mita 80, ilhali Tanganyika, lililomo ndani ya mpasuko wenyewe, linafika mita 1,470. Wanaosambaza habari ya volkano chini ya Ziwa Victoria waambiwe hivyo: lile ni sinia la maji juu ya mwamba mkongwe. Volkano ya kuangaliwa ni Nyiragongo, karibu na Goma, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, nayo imo katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Sisi majirani wa Rusumo, ambako Ruvubu unaungana na Kagera na maji yakaporomoka kwa kishindo, sasa tunapata hata umeme wa mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kwa nchi tatu, na wachache wetu wanakumbuka kwamba mto huo ulilazimishwa kubadili mwendo.

Mpasuko huu haukuishia kwetu. Ukiufuata kaskazini utakufikisha Ethiopia na Jibuti, katika nchi ya Afar, ambako unakutana na Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Bara Arabu na Afrika zilikuwa nchi moja, na Bahari ya Shamu ni ufa wa aina ile ile uliokwisha kufunguka na kuingia maji. Inaendelea kupanuka kwa kiasi cha sentimita moja hadi moja na nusu kwa mwaka. Masahaba wa kwanza walipoivuka kwenda kuomba hifadhi Habasha, kiasi cha mwaka 615, bahari ile ilikuwa nyembamba kuliko ilivyo leo kwa mita 14 hadi 20 hivi. Tulipolisema hili katika darasa la jioni, mzee mmoja alishtuka akauliza kama kibla chetu kinahama. Makka ipo takriban kilomita 2,800 kutoka hapa. Mita 20 katika umbali huo haziwezi kuonekana hata na chombo cha fundi, achilia mbali macho ya muadhini. Mihrabu zetu zikae zilipo.

Utajiri tunaousikia kila siku redioni nao ni tunda la historia hiyo hiyo, ijapokuwa watu huutenganisha na habari za tetemeko. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, iliyogunduliwa katika utafiti wa miaka ya 1970, ilikuja na mwamba ulioyeyuka kutoka kwenye joho zaidi ya miaka bilioni 1.3 iliyopita na kujipenyeza katika gamba. Dhahabu ya Tulawaka, wilayani Biharamulo, ambako mgodi ulianza mwaka 2005, imo katika miamba ya kifundo kikongwe, ndugu wa miamba ya Geita. Kijana anayekwenda kuchimba anaijua tofauti ya mawe hayo kwa mikono yake bila ya kuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa jiolojia.

Je, litarudi? Litarudi, ila siku yake hakuna aijuaye, na chombo cha kuitabiri hakijapatikana popote duniani. Anayetuma ujumbe wa simu akitaja tarehe na saa ni mzushi, hata akiuanza kwa salamu. Kinachofahamika ni desturi ya ukanda huu. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro, magharibi ya Uganda, liliua watu zaidi ya 150. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika tetemeko la ukubwa wa 6.8. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, lilipiga eneo la Kivu kwa ukubwa wa 5.9, likaua makumi ya watu Rwanda na Kongo, baadhi yao wakiwa kanisani katika ibada.

Tuyatazame tena hayo ya 2005 na 2016. Katika hesabu ya ukubwa wa tetemeko, kila namba moja inapoongezeka, nguvu huongezeka kiasi cha mara 32. Kwa hiyo lile la Tanganyika lilikuwa na nguvu zaidi ya mara 20 ya lile la Kagera, na bado vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vichache kuliko vya Kagera. Lilipiga chini ya maji, mbali na makazi mengi. La Kagera lilipiga penye watu, na watu hao walikuwa ndani ya kuta za tofali zilizoshikwa kwa udongo. Nguvu ya tetemeko peke yake haitupi idadi ya majeneza. Lazima tuulize pia limewakuta watu wapi, na wamekaa chini ya nini.

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumza na wale wa daftari la dhambi. Imani yetu haijapata kutukataza kutafuta sababu. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W), jua lilipatwa siku ile ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule, Mtume mwenyewe aliukanusha uvumi huo na kuwaelekeza watu kwenye swala na dua. Ibn Sina aliandika zama zake kwamba milima yaweza kuinuliwa na tetemeko. Imamu Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, alitunga kitabu kizima cha kuorodhesha matetemeko, mwaka kwa mwaka na mji kwa mji, na wanaochunguza historia ya matetemeko ya Misri na Sham wanakirejea hadi leo. Tetemeko kwetu ni ukumbusho wa uwezo wa Allah (S.W.T), na mwenye kutubia atubie. Lakini kukumbushwa sisi ni jambo moja, na kuwahukumu waliokufa ni jambo jingine. Mtume (S.A.W) amemhesabu aliyefariki kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Basi kwa ruhusa ya nani mtu anasimama kwenye kijiwe cha kahawa na kuwaita mashahidi hao waliolaaniwa?

Baada ya hayo, twende kwenye tofali.

Nyumba nyingi za wilaya zetu ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, zikapigwa ripu ya saruji kwa nje zikapendeza. Ripu huficha. Ukuta wa namna hiyo hubeba uzito wa paa vizuri kwa miaka 30, kwa sababu uzito wa paa unakwenda chini. Tetemeko humsukuma mtu kwa ubavu. Kuta nne zisizofungamana huanza kucheza kila mmoja kwa mwendo wake; pembe huachana kwanza, kisha ukuta mrefu huanguka nje, na kenchi na bati hushuka ndani juu ya walalao. Cha kwanza kuanguka mara nyingi ni ile pembetatu ya tofali iliyo juu, upande wa ubavu wa paa, ambayo haikushikwa na kitu.

Mafundi wetu wanaijua dawa, ila mwenye nyumba ndiye huikata bei. Dawa ni lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha, unaozifunga kuta zote nne kama pete za chuma zinavyofunga pipa. Kipande cha lenta juu ya mlango peke yake hakifanyi kazi hiyo. Pembeni, tofali za ukuta mmoja ziingiliane na za ukuta wa pili, safu kwa safu. Mlango na dirisha visikae karibu na pembe. Udongo wa kujengea, kama saruji imeshindikana kabisa, basi angalau pembe na safu za juu zipate saruji. Msingi ushuke hadi kwenye ardhi ngumu. Viwanja vya bondeni vilivyojazwa kifusi hutikisika zaidi kuliko vya mlimani penye mwamba. Na ile pembetatu ya juu ijengwe kwa mbao na bati, ambavyo vikianguka haviui kama tofali.

Asiyeweza kujenga upya anaweza kufanya madogo leo. Kabati refu la vyombo lifungwe ukutani. Kitanda cha watoto kiondolewe chini ya ukuta wenye ufa. Mtungi wa gesi usimame pasipo na njia ya kutokea. Tetemeko likianza, aliye hatua mbili kutoka mlangoni katika nyumba ya chini atoke na kukaa mbali na kuta. Aliye ndani zaidi asikimbie huku vitu vinaanguka, ajikinge chini ya meza imara na kukinga kichwa. Baada ya hapo hufuata mitikisiko midogo kwa siku kadhaa, na nyumba iliyopata ufa mkubwa isilalwe hata kama mvua inanyesha.

Kamati yetu ya msikiti imelazimika kuyapima haya kwa fedha za waumini. Jengo la madrasa lilipofika kimo cha madirisha, makisio ya lenta ya kuzunguka jengo zima yalikuwa makubwa kuliko tulivyotazamia, na lilitoka pendekezo la kuweka vipande juu ya milango tu ili bati zipigwe kabla ya masika. Mjadala ulichukua vikao viwili. Waliotaka kuharakisha walikuwa na hoja, maana watoto wanasomea chini ya mti na mvua haingoji. Hatimaye tulikubaliana kusimamisha ujenzi hadi nondo zitimie, na watoto wasomee barazani mwa msikiti kwa zamu. Wapo wazee ambao hadi leo hawajaridhika, nasi hatuwalaumu.

Lililobaki ni swala. Tumeulizwa: ardhi ikitikisika nasi tumo katika rakaa ya pili, tufanyeje? Maulamaa hawakulifumba hili. Kukata swala ili kuokoa nafsi, yako au ya mwenzako, kunaruhusiwa, na swala itarudiwa. Imamu atakayeona hatari ataikata kwa sauti, na maamuma watatoka kwa utaratibu, safu za nyuma kwanza, kinamama kwa mlango wao, kila mtu akimshika mtoto aliye karibu naye hata kama si wake. Viatu viachwe. Milango yote miwili ya msikiti wetu ilikuwa ikifungukia ndani. Seremala ameugeuza ule wa wanaume wiki iliyopita, na wa kinamama ataugeuza kabla ya Ijumaa.